Ni Sukari Tu

Juzi nilipeleka sketi yangu kwa fundi pale Adams Arcade ipunguzwe kiuno. Ni ile ya kijivu ya kwenda nayo kazini, ambayo mwaka jana ilikuwa ikinibana hadi nikikaa nafungua kifungo kwa siri. Sasa inazunguka yenyewe nikitembea, zipu ya nyuma inatokea mbele. Fundi ni kijana mchangamfu, mdomo haumpumziki. Alinizungushia futi kiunoni, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi. "Haiya! Madam, umepungua hivi? Hebu nipe siri nimpelekee bibi yangu."

Kanisani nako ndio wimbo. Wanawake wenzangu wananishika mkono mlangoni, wananigeuza huku na huku kama kuku wa sokoni. "Aki unapendeza! Unakunywa nini, na sisi tunywe?" Nami nacheka nao. Nakunywa maji, jamani. Nakunywa maji mchana kutwa na bado ulimi unanata.

Nadhani nilikuwa nimeshajua, ila sikutaka kuambiwa. Lakini pale kwa fundi, futi ilipokaza na harufu ya mafuta ya cherehani ikanipanda puani, sikuwaza sketi tena. Nilimwona mama yangu kwenye kibaraza cha nyumba yetu kule Lavington, mtaa wa matajiri, ameinama, anapunguza gauni lake mwenyewe. Nikamwambia fundi asubiri, asikate kitu wala asishone kitu, nitarudi. Kaa basi, rafiki yangu, nikusimulie.

Nikisema nyumba yetu ya Lavington, usinione mtoto wa tajiri. Baba alikuwa dereva wa Madam, mwenye boma lile, na sisi tulikaa katika vyumba viwili vya wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, ukishapita kamba za nguo na tangi la maji. Baba na mama na mimi, mtoto wao mmoja. Ua la michongoma lilitutenga na boma la pili, na katika ua hilo kulikuwa na tundu ambalo yaya na wapishi walipenya kuja kwetu kupiga umbea bila kuzunguka getini. Asubuhi niliamshwa na baba akiosha gari, ndoo ikigonga saruji, redio yake ndogo ikisoma matangazo ya vifo. Jua likipanda kidogo, mama mboga alipita nje akiita sukuma wiki, na mbwa wa mtaa mzima wakamjibu. Msimu wa jakaranda, maua yalijaa njiani na mimi niliyakanyaga makusudi nisikie yakipasuka chini ya viatu vya shule.

Mama alikuwa fundi. Cherehani yake ya miguu ilikaa kibarazani, na chini yake palikuwa pangu, kwenye vipande vya vitambaa ambavyo nilivitengenezea wanasesere wasio na macho. Wateja wake walikuwa yaya, wapishi na wake za walinzi. Jumapili baada ya ibada walikuja kwa miguu, wengine kutoka Spring Valley, kitambaa kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mama aliwapima akiwatania. Mwenye kiuno kipana aliambiwa, "Wewe Mungu amekubariki, ngoja niunganishe futi mbili." Na ndani ya kila gauni aliacha kitambaa cha ziada kwenye mshono, kingi kuliko mafundi wengine, kwa sababu alisema mwili wa mwanamke hauna mkataba na mtu. Leo mnene, kesho mwembamba, kesho kutwa mjamzito. Mwachie nafasi.

Na chai, weh! Hakuna aliyepimwa kwetu bila chai. Maziwa mengi, majani yamechemka hadi chai ikawa rangi ya tofali, na sukari mama aliimimina kutoka kwenye mkebe bila kutafuta kijiko. Kwetu chai isiyokolea sukari ilikuwa tusi. Mgeni angetoka hapo akatangaze kwamba nyumba ile wana mkono mgumu. Mimi nilisubiri wageni waondoke, nikapitisha kidole chini ya kila kikombe, nikalamba.

Siku ile kiu ilipoanza siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba jagi la maji lilihamia kando ya cherehani na halikuondoka. Mama alikuwa akishona nusu ya pindo, anainuka, anakimbilia choo cha nje, anarudi, anakunywa, anainuka tena. Wateja wakacheka, "Fundi, kwani kuna mtoto njiani?" Mama naye akacheka. Halafu sisimizi wakaanza kupanga mstari kuelekea chooni. Mama alimwaga majivu, akamwaga mafuta taa, kesho yake wamerudi. Nasi tuliwalaumu sisimizi. Macho nayo yakaanza kumsumbua, akawa ananiita kila mara nimtungie uzi kwenye sindano, nami nikaringa kwa kuwa nilikuwa nimepewa kazi ya watu wazima.

Kisha akaanza kukonda.

Lazima nikukumbushe miaka ile ilivyokuwa. Siku hizi ukipungua unaulizwa siri. Miaka ile ukipungua watu waliinamisha sauti. Kila Jumamosi kulikuwa na mazishi mahali, na kila ukuta ulikuwa na bango la kuhimiza watu wakapimwe ukimwi. Lakini hakuna aliyeutaja kwa jina. Walisema "ule ugonjwa", na mtu aliyebonyea mashavu, midomo ya watu ilikuwa imeshamzika. Mpishi wa boma la pili alikonda hivyo hivyo. Mwajiri wake alimwambia aende nyumbani akapumzike, na kabla wiki haijaisha mpishi mwingine alikuwa analala kwenye kitanda chake. Mama ndiye aliyekuwa akimshonea yule mpishi aproni zake. Aliyaona yote yale kupitia lile tundu la michongoma.

Basi aliogopa. Aliogopa mnong'ono ungepenya kwenye ua, ufike jikoni kwa Madam, na sisi tupoteze kazi ya baba na vyumba vyetu viwili siku moja. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine kubwa zaidi, kwamba yeye mwenyewe aliamini kuwa anao. Baba alikuwa dereva, alisafiri, alilala nje. Jioni tulikula sote watatu. Mama alimtazama baba, baba akatazama sahani, nami nikatazama taa ya koroboi nikidhani nimekosea jambo.

Mama alijitetea kwa kitu alichokijua. Gauni likianza kumlegea, alifunga mlango, akalivaa ndani nje, akanipa pini nizishike, akajipima pembeni, kisha akalipunguza ubavu huu na huu. Kiunoni alijifunga leso juu ya leso ili makalio yajae. Akitoka hapo kwenda kuanika nguo za Madam, huwezi kujua. Madam mwenyewe alimsifu siku moja, akamwambia amependeza, gauni limemkaa. Mama alishukuru, akarudi ndani, akakaa kitandani na kuufunika uso kwa mikono. Mungu wangu, nikikumbuka hilo hata leo naumia.

Aliyevunja ukimya ni dada yake mdogo, auntie yangu, mwanamke wa maneno makali na moyo laini. Alikuja Jumapili moja, akamkumbatia mama kama kawaida yake, kwa nguvu, na mikono yake ikapita leso zote ikafika kwenye mbavu. Hakumwachilia. Alibaki amemshika vile vile, akasema begani kwake, "Dada, kesho mimi na wewe tunaenda kupimwa."

"Nikijua, nitakufa haraka," mama akasema.

"Na usipojua utakufa pole pole? Wacha hizo. Kesho."

Kesho yake nilitoka shule nikasimama getini. Niliwaona wakija kwa miguu chini ya jakaranda, na kabla hawajafika auntie alishapandisha mkono hewani akipiga kelele mtaa mzima usikie, yeye ambaye daima alisema Lavington ni mahali pa kunong'ona. "Ni sukari! Ngai, ni sukari tu! Ule mwingine hana!"

Baba alikuwa akiosha gari. Alikuja mbio na sponji mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko, akasimama mbele ya mama. Wote wawili walikuwa wamelibeba jambo lile kimya, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Baba akapiga magoti pale njiani. Mama akamshika kichwa. Sikuwa nimewahi kuwaona wakishikana mchana.

Jumapili iliyofuata tulifanya maombi ya shukrani. Elewa jambo hili vizuri, rafiki yangu, kwa sababu kila kitu kilitokea hapo. Tulishukuru Mungu kwa ugonjwa wa sukari. Wanawake wa kanisa walijaa kibarazani, chapati zikapikwa hadi moshi ukafika kwa Madam, baba akaleta kreti ya soda begani. Mchungaji akasimama akasema heri nusu shari kuliko shari kamili, na sote tukaitika amina. Na kwa vile kwetu huwezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, kila mgeni alikuja na kile ambacho mgonjwa hupelekewa. Mkate, maziwa, na pakiti ya sukari. Rafu ya mama ilijaa sukari. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona kioja.

Auntie alijaribu. Alisema nesi ameeleza kwamba vidonge ni vya kila siku, si vya kumaliza na kusahau, na kwamba soda na chapati zipunguzwe, hata ugali, na miguu iangaliwe. Mama mmoja wa kanisa akamkatiza kwa upole, "Ni siku ya furaha, auntie. Ni leo tu." Baba akafungua soda ya machungwa, akampa mama. Alikunywa ameinua kichwa, macho amefumba, bila leso kiunoni, mwembamba mbele za watu na haogopi. Sijawahi kumwona mtu akinywa kitu kwa raha namna ile. Ile ndiyo siku yenye furaha kuliko zote nyumbani kwetu, na hata sasa ninapojua nijuayo, siwezi kutamani isingekuwepo.

Vidonge alivimeza. Mwili ukarudi, mashavu yakajaa, na mama akaketi kibarazani mchana kweupe kufumua ile mishono aliyojishonea mlango ukiwa umefungwa. Alifumua akiimba. Basi, kwa akili zetu, mambo yalikuwa yamekwisha. Malaria ikiondoka, nani huendelea kumeza dawa ya malaria? Vidonge vilipoisha hakurudi kuchukua vingine. Auntie alipomgombeza, mama alisimama akajipiga makalio. "Hebu angalia. Huu ni mwili wa mgonjwa?" Tukacheka sote, auntie naye akacheka mwishowe.

Mambo haya nimekuja kuyaelewa ukubwani. Kwamba sukari hii humpata mtu mzima aliyekula vyakula vile vile maisha yake yote. Kwamba si sukari ya mkebe peke yake, ugali na chapati na soda vyote hugeuka sukari tumboni, na mwili uliochoka kuitumia huiacha itoke na mkojo, ndio maana ya wale sisimizi, na izunguke kwenye damu, ikiharibu macho, figo na miguu, taratibu, ndani ya mtu anayeonekana mzima. Haina haraka na haipigi kelele. Tulikuwa tumejiandaa kwa ugonjwa unaokondesha watu wakaonekana. Huu ulimwacha mama anenepe na aimbe.

Alasiri moja nilikuwa chini ya cherehani na vitambaa vyangu. Mama alishona pekupeku kama siku zote, mguu juu, mguu chini, pedeli ikilia kwii kwii. Nikaona pedeli ni nyekundu.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

Aliinama, akaugeuza unyayo. Kipande cha sindano iliyovunjika kilikuwa kimezama humo, na kila alipokanyaga pedeli alikuwa akikisukuma ndani zaidi. Hakuwa anasikia lolote. Kwanza alicheka. "Ona basi, miguu yangu imekuwa ya mbao." Kisha akabonyeza pembeni ya kile kidonda kwa kidole, akabonyeza tena kwa nguvu, akanitazama. Kicheko kilikuwa kimeondoka.

Tuliosha na maji ya chumvi. Tukapaka spiriti. Jirani akaleta majani yake yaliyotwangwa, yakafungwa na kitambaa safi. Kidonda kidogo vile, upana wa mbegu ya papai, kilikataa kufunga. Kikakua, kikaanza kunuka, kidole cha pembeni kikawa cheusi. Auntie alipokuja aliufungua mguu ule, akaufunika, akatoka nje akalia huku amejishika kwenye tangi la maji. Hospitalini walimkata chini ya goti.

Na Madam? Madam alikuja mwenyewe hadi kwenye vyumba vyetu, kwa mara ya kwanza nijuavyo mimi, akaketi kitandani kwa mama, akamletea matunda na juisi tamu ya pakiti. Alilia. Hakutufukuza. Hakuwahi kuwaza kutufukuza. Leso zile zote, milango ile iliyofungwa, ule mwaka mzima wa kunyamaza, mama aliupoteza kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwepo. Nikifika hapo hasira hunishika, na sijui nimkasirikie nani.

Lakini subiri, kuna jambo moja zuri. Mama aliporudi, cherehani ilikuwa ya miguu na yeye alikuwa na mguu mmoja, ule usiozoea kuendesha. Akanitazama. Nikaingia chini, mahali pangu pale pale, nikaweka viganja vyote viwili juu ya pedeli. "Haya, twende," akasema kutoka juu. Nikasukuma. "Pole pole, tuko kwenye kona. Simama. Haya, twende tena." Nilimsikia na sikumwona, nikaona pindo la gauni lake tu, na mguu mmoja, na vumbi la chaki likinishukia nywele. Tulishona hivyo muhula mzima, sare za yaya, gauni la harusi ya mlinzi mmoja. Wateja walisema mishono ya fundi haijabadilika. Mama aliwaambia, "Nimeajiri injini mpya."

Baadaye macho yakafifia kabisa, akawa anashona kwa vidole. Baadaye uso ukavimba, figo zikagoma. Alifariki likizo ya Desemba, jakaranda limeshamaliza maua yake. Mazishini mzee mmoja alisimama akasema mficha maradhi kilio humfichua, na watu wakatikisa vichwa. Nilitaka kumrukia. Mama hakuficha sukari. Alificha kule kukonda, kwa sababu yao, kwa sababu ya midomo ya hao hao waliokuwa wanatikisa vichwa. Na sukari yenyewe hatukuificha kamwe. Tuliifanyia karamu.

Lile gauni lake la bluu la kanisani ninalo. Ukiligeuza ndani utaona mistari ya matundu madogo, mmoja kando ya mwingine, mahali alipopunguza na kufumua, kufumua na kupunguza. Uzi umetoka zamani lakini kitambaa kimeyaweka matundu. Huwa nayapapasa kwa kidole.

Basi nilipotoka kwa fundi juzi nilienda kupimwa. Nesi alinichoma kidole, akasubiri, akanigeuzia kile kimashine nisome mwenyewe. Aliniuliza kama nina mtu katika familia aliyekuwa nayo. Nikasema mama. Akanishika bega, akaniambia nimekuja mapema, na kuja mapema kunasaidia sana, kisha akanipangia dawa na siku ya kurudi. Hakusema "tu". Namshukuru kwa hilo.

Nilirudi kupitia Lavington. Palipokuwa kwa Madam sasa kuna ghorofa, moja mbele na nyingine nyuma, na ua la michongoma limekuwa ukuta wenye nyaya za umeme, hauna tundu hata la panya. Jakaranda lilikatwa. Nilisimama kando ya barabara nikajaribu kukadiria kibaraza kilikuwa wapi, nikafikiri ni pale wanapoegesha magari. Mlinzi akaniuliza kama kuna mtu natafuta. Nikamwambia hapana.

Leo mchana nimerudi kwa fundi. Alikuwa amekwisha kuichora sketi kwa chaki, sindano iko tayari.

"Nipunguze, Madam?"

"Usipunguze. Acha ilegee hivyo hivyo."

"Kwani? Si watu watauliza?"

"Waulize. Nina ugonjwa wa sukari."

Mabega yake yakashuka, uso ukafunguka. "Ah, Madam, ulikuwa umenitisha! Nilidhani ni kitu kibaya. Kumbe ni sukari tu."

Alisema kwa wema, kijana wa watu. Nikakaa kwenye kibao chake cha wateja, sketi mapajani, naye akaanza kushona nguo nyingine, nikalia hadi akaiondoa miguu kwenye pedeli na cherehani ikanyamaza. Aliniuliza amekosea nini. Hakuwa amekosea kuliko sisi.

"Mama yangu alikuwa fundi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimsukumia pedeli."